SOMO LA MWEZI: Je, mtungi wa oksijeni utafika asubuhi?

Mtoto mwenye nimonia amewekewa oksijeni saa mbili usiku. Kipimo cha mtungi kinaonyesha bar 20. Je, gesi itatosha hadi asubuhi? Jibu liko katika hesabu za sekondari.

Tuanze na manomita. Ni mrija wa kioo wenye umbo la U, ndani yake zebaki. Upande mmoja umezibwa na hewa imefungiwa humo, upande wa pili uko wazi. Zebaki ikilingana pande zote, presha ya hewa iliyofungiwa ni sawa na ya hewa ya nje. Shuleni tuliandika 760 bila kufikiri, lakini hiyo ni ya usawa wa bahari. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na presha ya hewa yetu ni kama milimita 660 za zebaki.

Sasa mimina zebaki zaidi hadi hewa iliyokuwa na urefu wa sentimita 20 ibaki 15. Robert Boyle alieleza mwaka 1662 kwamba joto lisipobadilika, presha mara ujazo ni ile ile. Basi 660 × 20 ÷ 15 = 880. Zebaki ya upande wa wazi itakuwa juu kwa 880 − 660, yaani milimita 220. Ukitumia 760 utapata karibu 253, na mrija utakukatalia. (Tufanye jaribio hili kwenye karatasi tu. Zebaki ni sumu.)

Kipimo cha mtungi nacho husoma tofauti na hewa ya nje. Kikionyesha sifuri, ndani bado kuna gesi, ila haitoki tena.

Turudi kwa mtoto. Mtungi mkubwa wa lita 47 wenye bar 20 utatoa 47 × 20, karibu lita 940. Akipewa lita 2 kwa dakika, ni dakika 470: saa 7 na dakika 50. Utaisha saa kumi kasoro dakika kumi usiku, wakati wengi wamelala! Mwambie muuguzi mapema alete mtungi wa akiba. Kufungua na kubadilisha ni kazi yake, si yetu.

Jambo moja zaidi: mtungi ulioshushwa kwenye pikapu ukiwa na moto wa jua husoma juu kuliko kawaida, ingawa gesi haikuongezeka. Uache kivulini upoe, ndipo usome tena.