Kuku Wako na Jirani Yako: Ufugaji wa Kuku wa Kienyeji katika Milima ya Usambara

Katika vitongoji vya Lushoto nyumba zimepandana na mlima. Uwanja wa kaya moja uko usawa wa paa la kaya ya chini yake, na maji yanayopita mlangoni kwa huyu huishia kwenye kabeji za yule. Kuku anayefunguliwa asubuhi hajui mpaka huo. Atachakura matuta ya karoti ya jirani, atakunywa kwenye dimbwi moja na kuku wa kaya nyingine, kisha jioni atarudi kulala kwa mwenyewe. Kwa sababu hiyo, kijitabu hiki kinaanza na majirani kabla ya kufika kwenye banda na dawa. Heshima baina yao mara nyingi huchukuliwa kuwa ni jambo la malezi, lisilohusiana na utaalamu wa mifugo. Lakini ukiangalia jinsi ugonjwa unavyosafiri na jinsi chanjo inavyofanya kazi, utaona kwamba heshima ni sehemu ya kinga yenyewe.

Tuanze na mdondo, ambao wengine huuita kideri. Ni ugonjwa wa virusi, na wataalamu waliutambua mwaka 1926 huko Java na katika mji wa Newcastle, Uingereza. Kuku huzubaa, mabawa yakalegea, akaharisha kijani, akapumua kwa shida, na wengine hupinda shingo. Ukiingia kwenye kundi lisilochanjwa unaweza kuua asilimia 80 au zaidi, na hakuna dawa ya kuutibu. Wafugaji wengi husema mdondo huja na upepo wa msimu. Ni kweli kwamba kuna miezi unapozidi, lakini mara nyingi hubebwa na mikono ya watu. Kuku wa kwanza akifa, mwenye kundi huwahi kuwauza waliobaki kabla hawajafa nao, na gulioni Soni au Mlalo mnunuzi asiye na habari huwachukua na kuwaingiza kwenye kundi lake. Mwingine humchinja kuku anayeumwa, matumbo na manyoya akayatupa korongoni, mbwa wakayasambaza. Kila hatua hapo ina mtu aliyefichwa ukweli aliostahili kuambiwa. Umaskini unaeleza kwa nini mfugaji anakimbilia kuuza, na si haki kumsema kama mhalifu, ila hasara anayoikimbia anamhamishia mwenzake ambaye naye ni maskini. Mizoga ifukiwe shimo refu, mbali na vijito, na majirani waambiwe siku hiyo hiyo.

Kinga ipo. Chanjo ya I-2, inayostahimili joto kuliko chanjo za zamani, hutengenezwa hapa nchini na Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania. Kuku hushikwa akalazwa ubavu, jicho moja likatazama juu, kikadondoshwa kitone kimoja, naye akaachwa hadi apepese. Kifaranga hupewa kitone kile kile anachopewa jogoo. Hurudiwa kila baada ya miezi mitatu, na hupewa kuku wazima tu, kwa kuwa aliyekwisha kuambukizwa hatapona kwa chanjo. Ugumu uko kwenye chupa. Ina dozi za kuku wengi kuliko walio katika kaya moja, na ikishafunguliwa inatakiwa kutumika upesi. Mwenye kuku kumi akinunua peke yake atamwaga sehemu kubwa ya pesa yake, na kuku wake watazungukwa na wasiochanjwa, huku vifaranga watakaoanguliwa baadaye wakiwa hawana kinga yoyote. Kitongoji kizima kikichanja siku moja, gharama hugawanyika na virusi hukosa pa kujificha. Basi jirani uliyemtukana juzi kwa sababu ya kuku wake waliofukua kitalu chako ndiye unayemhitaji siku ya chanjo. Kwa kuwa anayemwita ni wewe, hatakuja, na kuku wake wataendelea kupita uani kwako bila chanjo.

Wapo watakaosema kuwa ugomvi ungekwisha kama kila mtu angefungia kuku wake. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa mkulima anayeishi kwa mboga, ambaye miche ya wiki tatu inaweza kuharibiwa na mtetea mmoja asubuhi moja. Hata hivyo, faida ya kuku wa kienyeji ni kwamba anajitafutia. Kumfungia mwaka mzima ni kumlisha mwaka mzima, na kaya nyingi hazina mahindi ya kutosha watu na kuku. Njia ya kati inafaa zaidi: kuku wafungiwe katika wiki ambazo miche ni michanga, wafunguliwe alasiri baada ya hapo, na mwenye bustani azungushie kitalu uzio wa matete. Makubaliano hayo hufanywa kwa mazungumzo mapema, kabla ya kuku kupigwa jiwe. Samadi ya banda nayo ni fidia nzuri. Jirani akipelekewa debe la mbolea iliyokaa ikaiva, hukumbuka hilo kuliko maneno ya kuomba radhi.

Kuna jambo moja linaloihusu Lushoto kuliko wilaya nyingi. Kati ya mwaka 1980 na 2004, wilaya hii iliandikisha wagonjwa wa tauni zaidi ya 7,000. Kuku haleti tauni. Ugonjwa huenezwa na viroboto wa panya, na panya hufuata nafaka. Pumba na mahindi yanayoachwa chini usiku huwaita, nao wakishashiba kwako huhamia kwenye dari ya jirani anakohifadhi chakula cha watoto wake. Chakula cha kuku kitolewe kiasi wanachomaliza, mabaki yafagiliwe kabla ya giza, na ukiona panya wamekufa ovyo bila kutegwa, usiwashike. Toa taarifa kwenye zahanati. Kuficha ili usisemwe kuwa nyumba yako ni chafu ni kuwaweka wengine hatarini, na kumcheka aliyetoa taarifa ni kuwafundisha wengine kuficha.

Hoja nzito zaidi ni ya wale wanaotaka amri: serikali ya kijiji itunge sheria ndogo, asiyechanja atozwe faini. Sheria ina nafasi yake, hasa kwa anayeuza kuku wagonjwa kwa makusudi. Lakini milima hii inajua amri peke yake inavyokwisha. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya kikoloni ililazimisha uchimbaji wa matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo, kuanzia bonde la Mlalo. Wananchi waliupinga, na kufikia mwaka 1957 mpango uliachwa, ingawa mmomonyoko ulikuwa wa kweli. SECAP, mradi wa kuzuia mmomonyoko na wa kilimo mseto ulioanza 1981, ulipita njia nyingine: ulipanda majani kwenye kingo za kontua, na majani hayo yakalisha ng'ombe wa maziwa zizini. Mtu huchukua ushauri upesi anapoona faida yake na anapoheshimiwa kama mwenye akili.

Heshima hiyo ianzie nyumbani. Katika kaya nyingi mama na watoto ndio wanaotunza kuku, lakini baba huuza mtetea bila kuuliza. Asiye na sauti juu ya kuku hatatoa pesa ya chanjo yao. Vivyo hivyo mchanjaji wa kijiji, hata akiwa binti kijana, asiambiwe arudi kesho huku chupa imefunguliwa. Kuku wafungiwe tangu usiku, malipo yawe tayari asubuhi, na tarehe ya awamu inayofuata itangazwe kabla hajaondoka kitongojini, hata kwa wale waliokataa safari hii.