Msimamizi au Mdhibiti? Dhima ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya

Kitenzi 'dhibiti' kina asili ya Kiarabu, nacho ni ndugu wa 'madhubuti'. Katika mzizi wao mna dhana ya kushika kitu barabara kisiponyoke. (Wapo wanaokichanganya na 'thibiti', ambacho mzizi wake ni mwingine kabisa.) Katika Kiswahili cha leo kitenzi hiki kimebebeshwa mizigo miwili. Anayezuia habari isitangazwe husemwa kuwa amedhibiti. Anayepanga vituo vya redio ili visiingiliane hewani naye husemwa kuwa amedhibiti. Makala hii inashikilia kwamba mkanganyiko huo hauishii katika kamusi, bali unagusa kiini cha kazi ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Kabla ya 1999, Shirika la Posta na Simu lilikuwa mtoaji wa huduma na papo hapo mwamuzi wa nani mwingine aruhusiwe kuzitoa. Sheria ya Mawasiliano ya Kenya ya 1998 ililigawa shirika hilo: Telkom Kenya ikarithi simu, Shirika la Posta likarithi barua na vifurushi, na Tume ya Mawasiliano ya Kenya ikakabidhiwa kazi ya kutoa leseni na kugawa masafa.

Haja ya chombo kama hicho ni dhahiri. Redio za FM hutangaza kati ya megahezi 87.5 na 108, basi. Vituo viwili vikitumia masafa yale yale katika mji mmoja, msikilizaji hapati hiki wala kile. Aidha, kampuni kubwa ya simu ikiachiwa soko, ndogo hazina pumzi. Mnamo Agosti 2010 Tume iliipunguza kwa nusu ada ambayo kampuni moja huilipa nyingine kwa kumfikishia mteja simu, kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika, na gharama ya kupiga simu ikaporomoka mwaka uo huo. Aprili 2011 mteja akaruhusiwa kuhama kampuni bila kupoteza nambari yake. Hakuna aliyenyamazishwa kwa hatua hizo. Kinyume chake, waliomudu kusema waliongezeka.

Ugumu ulianza pale utangazaji ulipotiwa katika kapu hilo hilo. Marekebisho ya sheria yaliyotiwa saini Januari 2009 yaliipa Tume mamlaka juu ya utangazaji, na kwa hivyo juu ya yanayosemwa hewani pia. Ndipo ikaja Katiba ya 2010. Kifungu cha 34 kinaikataza Dola kuvitawala au kuviingilia vyombo vya habari, kisha kinaruhusu leseni za utangazaji kwa sharti kwamba ziwe za lazima katika kupanga matumizi ya mawimbi ya hewani, na ziwe huru dhidi ya serikali, wanasiasa na wafanyabiashara. Matini ya Kiingereza inatumia maneno mawili tofauti kwa dhana hizo mbili. Mfasiri asiye mwangalifu ataandika kuwa leseni ni za 'kudhibiti' mawimbi lakini zisiwe chini ya 'udhibiti' wa serikali, na sentensi itajipinga yenyewe.

Sheria ya 2013, iliyokusudiwa kukitekeleza kifungu hicho, iligeuza Tume kuwa Mamlaka. Ni kinaya kwamba chombo kilichotakiwa kuwa huru kilipewa jina linalotangaza nguvu.

Na nguvu ilionekana. Tarehe 30 Januari 2018, Raila Odinga alipokuwa akila kiapo katika bustani ya Uhuru, matangazo ya Citizen, NTV na KTN yalizimwa. Siku mbili baadaye Mahakama Kuu iliagiza yarejeshwe, lakini yalibaki kimya kwa siku kadhaa zaidi. Tarehe 25 Juni 2025 Mamlaka iliamuru vituo visitangaze maandamano moja kwa moja, mitambo ikazimwa tena, na Mahakama Kuu ikalisimamisha agizo hilo siku iyo hiyo. Mitambo ni ile ile inayolindwa dhidi ya mwingiliano wa masafa. Anayekabidhiwa ufunguo ili alinde anaweza pia kufunga.

Je, Kiswahili kina neno lifaalo zaidi? 'Kuratibu' ni dhaifu, kwa kuwa mratibu hatozi faini wala hafuti leseni. 'Kusimamia' kunaelekea kufaa. Katika sheria ya urithi, msimamizi wa mirathi ana nguvu halisi: hukusanya mali, hulipa madeni, hugawa mafungu. Hata hivyo mali si yake, na warithi wanaweza kumshtaki akiitumia kwa manufaa yake. Mawimbi ya hewani nayo ni mali ya umma, na chombo kinachoyagawa kimeyashika kwa niaba ya wenyewe. Kwa hivyo 'usimamizi' utumike kwa masafa, leseni na ushindani wa kampuni, nalo 'udhibiti' libakizwe kwa tendo la kuzuia maudhui, ili tendo hilo linapofanyika litajwe kwa jina lake.