Ramadhani 12: Daftari la Mzee Wetu



Mzee tuliyemzika wiki iliyopita, Allah amrehemu, alikulia shambani kwenye mihogo na minazi. Kisha akauza khanga kwa baiskeli miaka mingi, akasomesha watoto wote, mpaka akaona vitukuu.

Wengi wanakumbuka kengele ya baiskeli. Mimi nakumbuka lile daftari. Aliyekwama alimwongezea muda, kama inavyoagizwa Al-Baqara 280.

Sasa mzee hayupo, na mirathi haigawanywi kabla ya wasia na deni (An-Nisaa 11). Kama unamdai, sema. Kama alikuwa anakudai, usisubiri daftari lifunguliwe: hiyo sasa ni haki ya mjane na watoto. Huna? Waombe muda. Kusamehe ni kwao, si kwa imamu. Mwanawe mkubwa yupo msikitini kila siku baada ya Tarawehe.