Adui wa Ufizi

1. Mtu akipiga mswaki asubuhi, akatema mate na kuona damu, mara nyingi husema, "Mswaki umeniumiza," akauweka kando siku kadhaa ili ufizi upone. Kumbe hapo ndipo anapomfungulia adui mlango. Ufizi wenye afya hautoki damu kwa mswaki unaopigwa polepole. Ukitoka damu, mara nyingi maana yake ni kwamba ukingoni mwa jino pana vita, na adui bado yumo. Katika somo hili tutajifunza adui huyo ni nani, na kwa nini walinzi wa mwili hawawezi kumwondoa peke yao.

2. WALINZI. Kila mtoto wa Kilwa au Lindi aliyeshuka pwani maji yakipwa amekwisha kumwona kiti cha pweza. Mnyama huyo aliwafundisha wataalamu jambo kubwa. Mwaka 1882 Elie Metchnikoff, mzaliwa wa nchi iitwayo leo Ukraine, alikuwa akikaa Messina, mji wa pwani ya Italia. Alitwaa watoto wa kiti cha pweza, ambao miili yao ni myangavu kama kioo, akawachoma miiba. Kesho yake alipotazama kwa hadubini aliona chembe nyingi zimeuzunguka mwiba. Akatambua ya kuwa mwili una chembe ziendazo mahali palipo na adui na kummeza. Sisi nasi tunazo katika damu, nazo huitwa chembe nyeupe. Tena, majimaji ya damu yana vitu vinavyomganda adui na kumtia alama, ili chembe nyeupe zimtambue upesi.

3. ADUI. Ukipitisha ukucha juu ya jino lisilosafishwa, utapata kitu laini. Hicho ni ukoga. Mwaka 1683 Antonie van Leeuwenhoek, mtu wa mji wa Delft katika Uholanzi, aliandika kwamba ameutazama ukoga wa meno yake kwa kioo cha kukuzia, akaona vijidudu vikienda huku na huku. Leo twaviita bakteria. Vilivyo vingi havina madhara makubwa. Lakini yumo mmoja mbaya, na jina lake la kitaalamu ni porfiromonasi jinjivalisi. Huyu hapendi hewa, kwa hiyo hujificha katika ufa mwembamba ulio kati ya jino na ufizi. Riziki yake ni damu na nyama iliyovunjika. Wataalamu wakimkuza katika chakula chenye damu, kundi lake hugeuka kuwa jeusi, kwa kuwa hujikusanyia rangi ya damu, ambayo ndani yake mna chuma.

4. HILA ZAKE. Kwanza, hunyamazisha kilio. Ngozi ya ufizi ikiguswa na adui hutoa ishara ya kuziita chembe nyeupe. Yeye huizuia ishara hiyo kwa muda, na muda huo wenzake huongezeka. Pili, huweza kuingia ndani ya chembe za ngozi ya ufizi na kukaa humo, mahali ambapo walinzi hawamwoni. Tatu, hutoa vimeng'enya vyenye kukata, navyo hukatakata zile alama za damu kabla hazijamganda. Nne, na hii ndiyo hila kubwa kupita zote, baadhi ya vipande hivyo vilivyokatwa huvitumia kuzidanganya chembe nyeupe zenyewe. Chembe zilizodanganywa hupoteza nguvu ya kummeza, lakini hasira yao haipoi. Huendelea kumwaga sumu iliyokusudiwa adui, na sumu hiyo huharibu nyama ya ufizi. Damu hutoka, nyama huvunjika, na adui hupata chakula.

5. MFANO. Fikirini shamba la mpunga katika bonde la mto Matandu. Walinzi wako juu ya dungu, na usiku nguruwe huingia. Kama nguruwe wangekuwa na werevu wa kuwafunga walinzi mikono bila kuwafunga miguu, walinzi wangeshuka na kukimbia gizani kwa kelele nyingi, wasimshike hata mmoja. Mpunga ungekanyagwa na walinzi wenyewe, na nguruwe wangekula masuke yaliyoanguka. Asubuhi mwenye shamba angeambiwa kwamba walinzi hawakulala, lakini shamba angelikuta limekwisha.

6. Adui huyu hahitaji kuwa wengi. Mwaka 2011 wataalamu walitangaza ya kuwa wamemtia katika vinywa vya panya kwa idadi ndogo sana. Bakteria wengine waliomo wakaongezeka, na mfupa unaoshika meno ukaliwa. Lakini panya waliolelewa bila bakteria yeyote hawakuharibika mfupa. Basi, yeye huwaharibu majirani, na uharibifu wanaufanya wote pamoja.

7. Ugonjwa huu huenda kimya, mara nyingi bila maumivu. Ufa hugeuka kuwa mfuko, mfupa hupungua, hata jino lisilo na tundu hata moja hulegea na kung'oka. Watu husema, "Ni uzee." Lakini mwaka 1986 wataalamu Baelum, Fejerskov na Karring walitangaza habari za watu wazima waliowapima katika Tanzania: ukoga na ufizi wenye kutoka damu ulienea sana, ila mifuko mirefu ilikuwa katika sehemu chache tu za meno. Basi uzee peke yake haung'oi meno.

8. YATUPASAYO. Mwenyezi Mungu ametupa walinzi, na ametupa mikono pia. Walinzi hawawezi kuuvunja ukoga; mkono wenye mswaki huweza. Safisha meno kila siku, asubuhi na kabla ya kulala, hasa ukingoni mwa ufizi. Mswaki wa mti, ukitafunwa ncha hata iwe nyuzi laini, wafaa, mradi ufike kila jino, hata ya nyuma. Damu ikitoka, usiache, endelea polepole. Ukoga ulioachwa siku nyingi hugeuka mgumu kama chokaa ya kuta za Kilwa Kisiwani, na huo hauondoki kwa mswaki: nenda kwa daktari wa meno aukwangue. Mwenye kuvuta tumbaku na aiache, maana tumbaku huuzidishia ufizi ugonjwa.

MASWALI

1. Metchnikoff aliona nini kwa watoto wa kiti cha pweza?
2. Taja hila nne za adui wa ufizi.
3. Katika mfano wa shamba, walinzi ni nani, na mpunga ni nini?
4. Kwa nini si vyema kuacha mswaki ufizi ukitoka damu?
5. Ndugu yako asema, "Meno ya babu yalitoka kwa uzee tu." Utamjibu nini?