Usiililie Namba ya Mashine

Mdogo wangu uliyeandika kuhusu paka wako, nimekusoma. Vidoti vyekundu kwenye fizi, mavilio tumboni na wala hajagombana na mtu, halafu mashine ya maabara ikatoa chembe sahani, zile za kugandisha damu, 18,000. Unauliza, ndiyo basi tena?

Damu ya paka ina vituko. Ikishatolewa, chembe sahani hushikana mabonge, tena zenyewe ni kubwa, nyingine zinalingana na chembe nyekundu. Mashine hukosea ikahesabu pungufu. Kawaida ni kama 200,000 hadi 500,000 kwa mikrolita, lakini paka wengi wazima husomwa wagonjwa. Mwombe daktari wa mifugo apake tone la damu kwenye kioo, aliangalie mwenyewe kwa hadubini. Ila wako ana vidoti, na vidoti havikutoka kwenye mashine. Mpeleke leo, usingoje Jumatatu.

Halafu msikimbilie kusema kinga ya mwili wake inazishambulia chembe sahani zake. Kwa paka jambo hilo ni nadra, na hujulikana kwa kuondoa mengine kwanza: virusi vya leukemia, UKIMWI wa paka (hauambukizi binadamu, usije ukamtenga), vijidudu vya kupe, saratani, ugonjwa wa uboho, hata dawa kama methimazole ya tezi. Kwa hiyo mtajie daktari kila ulichompa, hata kile unachokionea aibu. Parasetamoli usimpe kamwe, inaua paka.

Yakiondolewa hayo, huanzishiwa prednisoloni, mara nyingi miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Soma jina kwenye pakiti, maana prednisoni mwili wa paka huitumia kwa shida. Isipotosha, huongezwa klorambusili au siklosporini. Azathioprini wanayopewa mbwa, hapana. Huunguza uboho wa paka. Akihitaji kuongezwa damu, kundi lipimwe kwanza. Paka wa kundi B akitiwa damu ya A anaweza kufa palepale.

Nyumbani mpe chakula laini na umzuie kurukaruka kabatini. Atachangamka mapema, nawe utashawishika kuacha vidonge. Usiache. Dozi hupunguzwa polepole kwa miezi, damu ikipimwa kila hatua. Ukimwona anakunywa maji kupita kiasi na kukojoa mno, mrudishe apimwe sukari. Prednisoloni huweza kumletea kisukari.