Barua Iliyochelewa

Katika mji wa Verona, nchi ya Italia, palikuwa na jamaa mbili kubwa, Montague na Capulet, zilizochukiana tangu zamani. Hata watumishi wao wakikutana njiani hawakupitana bila ugomvi. Ndivyo alivyosimulia William Shakespeare wa Uingereza katika mchezo wake wa Romeo na Juliet, uliopigwa chapa mara ya kwanza mwaka wa 1597.

Romeo, mwana wa Montague, alimpenda Juliet, binti Capulet, ambaye umri wake haujatimia miaka 14. Mtawa mmoja, jina lake Laurence, akawaoza kwa siri, akitumaini kwamba ndoa hiyo itauzima uadui. Lakini siku ile ile Tybalt, binamu yake Juliet, alimwua rafiki yake Romeo. Naye Romeo akalipiza kisasi, akamwua Tybalt, akafukuzwa mjini. Wazazi wa Juliet, wasiojua habari ya ndoa, wakataka kumwoza mume mwingine. Basi Laurence akampa Juliet dawa ya kumlaza kama maiti, akampelekea Romeo barua ya kumweleza shauri hilo.

Mchezo huu umetiwa katika sinema mara nyingi. Katika picha ya mwaka wa 1936 walioigiza walikuwa watu wazima: Leslie Howard alikuwa amepita miaka 40, na Norma Shearer miaka 30. Lakini Mwitalia Franco Zeffirelli, katika picha yake ya mwaka wa 1968, aliwachagua Leonard Whiting na Olivia Hussey, ambao wote wawili hawajafika miaka 20. Hivyo watazamaji waliona waziwazi kwamba chuki ya wazee iliwaua watoto.

Katika mchezo wenyewe, mjumbe wa barua alifungiwa nyumbani kwa hofu ya tauni. Katika picha ya Zeffirelli, mjumbe aenda polepole juu ya punda, na mtumishi wa Romeo ampita mbio juu ya farasi, akichukua habari kwamba Juliet amekufa. Habari isiyo kweli yaitangulia ile ya kweli.

Romeo akanywa sumu kaburini. Juliet akaamka, akamwona amekufa, akajichoma jambia. Mbele ya maiti hao wazee wakapeana mikono. Lakini majuto ni mjukuu.

Maswali
1. Kwa nini Laurence alikubali kuwaoza?
2. Barua ilizuiliwaje katika mchezo, na katika picha ya mwaka wa 1968?
3. Je, kosa kubwa lilikuwa la mjumbe, au la wazee? Toa sababu.