Ushirika wa korosho: Kazi bila mipaka ni mlango wa lawama

Kila msimu wa korosho unapokaribia, mazungumzo ya Masasi na Newala huwa ni bei. Bei ni jambo kubwa, silikatai. Lakini leo nataka tulitazame jambo ambalo hukumbukwa fedha zikishapotea: ndani ya chama cha msingi, nani anafanya kazi gani, na mpaka wake uko wapi?

Kwanza tuujue muundo wenyewe. Vyama vya msingi vya Masasi viko chini ya chama kikuu cha MAMCU. Vile vya Newala viko TANECU, pamoja na vya Tandahimba. Kwa mujibu wa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013, mamlaka ya juu ya chama ni mkutano mkuu wa wanachama. Mwenye mikorosho kumi na mwenye mikorosho elfu moja, kila mmoja ana kura moja. Bodi na watendaji wote wako chini ya mkutano huo.

Tatizo ni kuwa kazi ya korosho hailingani mwaka mzima. Kuanzia Mei na Juni ni salfa na kupulizia. Oktoba magunia yanafurika. Machi ghala ni tupu. Chama hakiwezi kuajiri watu wengi kwa kazi ya miezi michache, hivyo hutegemea wanaojitolea na wanaolipwa posho: wa kupima, kupakia, kulinda na kuandikisha majina ya salfa. Hawa si bodi wala si waajiriwa. Basi ni nani?

Swali hili si dogo. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze Mtwara mwaka 2007, fedha ya mkulima inafuata karatasi. Kilo zilizoandikwa kwenye mzani wa kijijini ndizo zinazodaiwa hadi mnadani na benki. Anayepima akiwa ndiye pia mwandishi wa stakabadhi na mtunza daftari, mzigo wa kangomba unaweza kuingia kwa jina la mkulima, na hakuna wa kumuuliza.

Kwa maoni yangu, kila anayepewa kazi apewe karatasi moja yenye majibu manne. Kazi yake ni ipi? Inaanza na kwisha lini? Anatoa taarifa kwa nani? Jambo gani hana ruhusa ya kuliamua? Majibu hayo yasomwe mbele ya wanachama kabla ya msimu na yabandikwe ghalani.

Wapo watakaosema kuwa masharti haya yatawafukuza wanaojitolea. Mimi naona kinyume chake. Asiye na mpaka ndiye anayebebeshwa kila hasara. Mwenye mpaka ulioandikwa anaweza kusema, "Hili si langu," na akaaminiwa. Wala karatasi hiyo si pingu. Mzigo ukizidi, bodi imwongezee kazi au imletee msaidizi, ilimradi iandikwe kwenye muhtasari na mkutano unaofuata uarifiwe. Yako machache tu yasiyolegezwa: anayepima asiandike stakabadhi, na anayeandika asishike fedha.

Tusisahau Liwale, mkoani Lindi. Mwezi Aprili 2013 malipo ya pili ya korosho yalikuja pungufu kuliko wakulima walivyotarajia, na nyumba zikachomwa moto. Mwenye hasira hachambui nani alipima na nani aliamua. Kwake wote ni "watu wa chama".

Oktoba 2018 wakulima wa Mtwara waliikataa bei ya mnada, na nchi nzima ikawasikia. Wenye uwezo wa kumkatalia mnunuzi mkubwa hawawezi kushindwa kumwuliza jirani yao aliyesimama kwenye mzani: ndugu, kazi yako inaishia wapi? Waulize kabla gunia la kwanza halijapimwa.